Mzigo Usio na Karatasi

Jioni ya kuamkia safari, mzee wa kanisa aliyekuwa mlezi wa kwaya yetu alituamuru tufungue mizigo yote kwenye nyasi, mbele ya kanisa. Tulidhani anatafuta pombe. Alikuwa anatafuta magazeti. Vitumbua vya mama mmoja wa sauti ya pili vilikuwa vimefungwa kwa ukurasa wa Uhuru. Sabuni ya kijana wa besi ilikuwa ndani ya Mzalendo. Mimi nilikuwa nimefunga viatu vyangu vya kanisani kwa gazeti ambalo hata kulisoma sikuwa nimelisoma. Alizitoa karatasi zote, akazirundika, akazitia moto. Kisha akawatuma watoto wakakate majani ya migomba, tukayababua juu ya moto ule ule mpaka yakalainika, tukafunga upya kila kitu kama walivyofunga bibi zetu.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Agosti 1992, hapa Kisondela, na baridi ya Rungwe ya mwezi huo kila mwenyeji anaijua. Hakuna aliyemuuliza mzee kwa nini anachoma. Kufikia siku hiyo tulikuwa tumekwisha kujifunza kutouliza. Wanangu wakisikia kwamba niliwahi kwenda Malawi na kwaya wakati wa Rais Kamuzu Banda, huniuliza tuliona nini huko. Safari yenyewe ilikuwa ya siku tano. Maandalizi yalichukua miezi mitatu, na hayo ndiyo yaliyonikaa.

Mwaliko ulikuja mwezi wa Mei, kwa mdomo. Mfanyabiashara mmoja wa mchele, aliyezoea kuvuka mpaka wa Kasumulu, alimkuta mchungaji wetu nyumbani akamwambia kwamba ushirika wa Kipresbiteri huko milima ya Misuku unaomba kwaya ya Kisondela iende kwenye sikukuu yao. Barua ilifuata baada ya wiki kadhaa. Ilikuwa na mistari minne tu, imepigwa taipu. Ilitaja tarehe na idadi ya wageni, na neno "kuimba" lilikuwamo mara tatu. Mchungaji aliisoma mbele yetu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Barua hii haikuandikwa kwa ajili yetu peke yetu. Aliyeiandika alijua itasomwa na wengine kabla yetu."

Kwa asiyeijua Misuku: ni milima iliyo kusini tu mwa mto Songwe, upande wa pili wa milima ya Undali. Vilele vyake vinafika karibu mita 2,000, na juu kumebaki misitu ya asili, Mughese, Wilindi na Matipa. Watu wake ni Wasukwa, wakulima wa kahawa kama sisi, na lugha yao ni ndugu wa Kindali na wa Kinyakyusa. Ukiwa mtu wa Tukuyu, mtu wa Misuku akikusalimia huhitaji mkalimani. Kilichotutenganisha ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ulioufanya Songwe kuwa mpaka. Na Songwe si mto wa kutulia. Ukifika bondeni Kyela hufurika na kubadili njia, hata mtu akalala nchi moja na kuamka shamba lake liko nchi nyingine.

Makanisa yetu nayo yalikuwa na undugu wa zamani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku na wamisionari wa Kijerumani wakachukuliwa mateka, walioangalia sharika zetu kwa miaka kadhaa walikuwa Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka ng'ambo hiyo hiyo. Mchungaji alikuwa anapenda sana kuieleza habari hiyo. Alisema tunadaiwa ziara.

Lakini mwaka 1992 haukuwa mwaka wa kulipa madeni ya aina hiyo. Nchi yetu na Malawi zilikuwa zimeishi kwa kununiana tangu mwaka 1964, Kamuzu Banda alipokosana na mawaziri wake vijana, akina Kanyama Chiume na Orton Chirwa, na baadhi yao wakakimbilia kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alisema mpaka unapita katikati ya ziwa. Mwaka uliofuata Banda akajibu kwa kudai vipande vya nchi yetu, huku kwetu kusini. Uhusiano wa kibalozi ulikuja kuanzishwa mwaka 1985. Wakati huo wote sisi tulivuka kwa magendo ya sabuni na sukari, tukarudi usiku. Hayo hayakuwa mambo ya kwaya.

Kisha ukaja mwaka wenyewe. Tarehe 8 Machi 1992 waraka wa Kwaresima wa maaskofu Wakatoliki wa Malawi ulisomwa katika makanisa yao yote, nao ulisema wazi kwamba watu wanaogopa, wanafungwa bila hukumu, na maskini wanazidi kudidimia. Serikali ikautangaza kuwa uchochezi. Kukutwa nao tu lilikuwa kosa. Tarehe 6 Aprili, Chakufwa Chihana, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mtu wa kaskazini, alikamatwa uwanja wa ndege wa Lilongwe mara aliposhuka. Mei, wafanyakazi wa Blantyre waligoma na watu wakapigwa risasi mitaani. Ukame nao ulikuwa umeunguza mahindi kusini mwa Afrika nzima. Huku kwetu, tarehe 1 Julai, sheria ya vyama vingi ilianza kufanya kazi, na kwenye vilabu vya pombe vya Tukuyu watu walibishana kwa sauti mpaka usiku. Ndiyo maana magazeti yetu, hata lile la kufungia vitumbua, yalikuwa baruti.

Mimi nilikuwa na miaka 19 na nilikuwa katibu wa kwaya kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Kazi ya kwanza ilikuwa orodha ya majina. Watu 24, kila mmoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji, picha mbili, na kadi ya njano ya chanjo. Fedha hazikuwepo. Mkataba wa kahawa wa dunia ulikuwa umevunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka. Kahawa ya mwaka ule ilitosha ada ya shule na chumvi. Basi kila familia ilitoa ilichokuwa nacho, wengine mikungu ya ndizi, wengine maharage, tukauza mnadani. Picha tulipigia studio moja ya Tukuyu mjini. Mpiga picha alikuwa na koti jeusi moja la kuazimisha, tukalivaa mmoja baada ya mwingine, wanawake kwa wanaume, na picha zilipotoka tulikuwa watu 24 ndani ya koti moja. Hati za dharura za kusafiria zilipatikana baada ya mchungaji kwenda na kurudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila aliporudi alituambia, "Bado," akaingia kuoga.

Mavazi yalikuwa rahisi. Tangu mwaka 1973 sheria ya Malawi ilimkataza mwanamke kuvaa suruali au sketi ya kuonyesha magoti, na mwanamume kufuga nywele au kuvaa bugaluu. Mama zetu walicheka, maana nasi tuliwahi kuwa na Operesheni Vijana mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU walipofukuzana na mabinti waliovaa vimini. Tulishona sketi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Vijana wakanyoa vipara.

Nyimbo ndizo zilizotugawa. Mwalimu wa kwaya alikuwa na nyimbo kumi na moja tayari. Kila jioni, baada ya mazoezi, yeye na mlezi walikaa na daftari langu wakapima maneno. Wimbo wa Farao na bahari ukatolewa. Wimbo wa sanamu ya Nebukadneza, yenye miguu ya chuma na udongo, ukatolewa kabla hata haujasomwa ubeti wa pili. Kuta za Yeriko zikatolewa. Niliwaona watu wazima wawili, waliosoma Biblia maisha yao yote, wakiipitia kama askari anayepekua mfuko, wakitafuta mahali ambapo mfalme anaanguka. Na mahali hapo ni pengi mno. Mwishowe mwalimu akasema tuchukue nyimbo za Krismasi, mwezi wa Agosti.

Ulibaki wimbo mmoja wa Kinyakyusa, wa polepole, usemao kwamba Kyala, yaani Mungu, peke yake ndiye wa milele. Mlezi akashtuka. Kule, alisema, neno lao la "wa milele", wamuyaya, ni jina la Banda. Tangu mwaka 1971 Banda alikuwa Rais wa Maisha, na redio yao, ambayo sote tuliikamata vizuri kuliko redio ya Dar es Salaam, ilimwita hivyo kila siku. Kuimba kwamba kuna mmoja tu wa milele ni kumwambia mwenye nyumba kwamba atakufa. Mwalimu akachukua kalamu aukate. Mchungaji alikuwa amekaa pembeni, hakuwa amesema kitu tangu mwanzo. Akasema, "Huo mkiutoa, hatuna tunalokwenda kufanya. Tubaki." Akatoka. Wimbo ukabaki.

Miezi kumi baadaye, tarehe 14 Juni 1993, Wamalawi walipewa alama mbili za kura, taa na jogoo mweusi, na wengi wakachagua taa, yaani vyama vingi. Leo ni rahisi kusema tulikuwa na woga wa bure. Agosti ile hakuna aliyekuwa anaijua taa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelibeba muda mrefu. Kulikuwa na binti mwenzangu, tuliyesoma naye shule ya msingi dawati moja, mwenye sauti ya kwanza ambayo sijasikia nyingine kama hiyo mpaka leo. Yeye ndiye aliyeanzisha ule wimbo wa Kyala. Baba yake alikuwa mmoja wa watu wa kwanza hapa kwetu kuzungumza hadharani habari za chama kingine, na binti alikuwa na mdomo wa baba yake. Alipenda kuuliza. Mlezi alipotufundisha kwamba tukiulizwa kuhusu rais wao tujibu "Hatujui, sisi ni waimbaji," yeye alisema, "Lakini tunajua." Wiki mbili kabla ya kuondoka nikaitwa na viongozi wa kwaya. Hawakuniamuru. Waliniuliza tu, "Wewe katibu, unaonaje? Huyu tukienda naye tutarudi wote?"

Ningeweza kusema ninamfahamu tangu utoto, kwamba akiahidi kunyamaza atanyamaza. Nilikuwa na sababu ya kutaka safari hii isiharibike, nitaieleza. Nikasema, "Labda abaki." Nikaenda nyumbani, nikachukua kalamu ya bluu nikalikata jina lake, nikaandika orodha upya ili mstari usionekane. Nchi ile ilikuwa bado iko mbali, ng'ambo ya mto, hatujamwona hata askari wake mmoja. Na tayari mimi, katika kijiji changu, kwenye meza ya mama yangu, nilikuwa nimemfanyia kazi yake. Kwetu kuuliza kulikuwa halali kwa sheria kamili, yenye mwezi mmoja tu tangu ianze.

Yule binti alikuja kutuaga asubuhi ya safari akiwa na mkungu wa ndizi za kuiva. Alinikabidhi mimi. Mwaka jana, kwenye msiba, nilimwambia kwamba aliyekata jina lake nilikuwa mimi. Akajibu, "Najua. Mwandiko wako naujua. Ile orodha ya mwanzo niliiona, na ya pili niliiona." Tukaendelea kumenya ndizi.

Sababu yangu ilikuwa bibi. Binti yake wa kwanza, shangazi yangu, aliolewa Misuku mwaka 1959, enzi ambazo kuvuka Songwe kulikuwa kama kuvuka kwenda mtaa wa pili. Mumewe alikuwa mwalimu, na mwaka 1964 alisimama upande wa wale mawaziri vijana. Akachukuliwa, akakaa kizuizini miaka. Baadaye Kichewa kilifanywa lugha ya taifa na Kitumbuka kikaondolewa shuleni na redioni. Mwaka 1989 walimu wa kaskazini wakaamriwa warudi wafundishe kwao. Mtu kama yeye, mwenye jina baya na shemeji Tanzania, hakuhitaji barua kutoka kwetu. Barua ya mwisho ya shangazi ilifika mwaka 1967. Bibi hakujua kusoma, lakini sentensi yake moja aliijua kwa moyo: "Msituandikie tena mpaka niwaambie." Hakuwaambia.

Kwa hiyo, kwa miaka 25, watu wa ukoo wetu walikufa na binti wa nyumba hajui. Kwetu hilo halivumiliki. Mtu asiyeambiwa msiba ni kama amefukuzwa. Bibi aliposikia kwamba kwaya inakwenda Misuku hakuniambia niandike chochote. Alinishika mkono akanitembeza kwenye makaburi.

Makaburi yetu yako nyumbani, kati ya migomba, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Rungwe. Alianzia karibu na zizi, kwa babu, aliyefariki mwaka 1969 mwezi wa masika. Hakukubali nitaje jina peke yake. Kila jina lilikuwa na ugonjwa wake na msimu wake, na nani alikuwa ameshika kichwa cha marehemu. Kutoka kwa babu tukaenda kwa baba mdogo, kisha kwa pacha wawili waliokufa wiki moja, nyuma ya jiko. Makaburi kumi na moja yalikuwa hapo hapo nyumbani. Wengine sita hawakulala hapo, na hao bibi aliwapa mahali: huu mgomba ni yule aliyechukuliwa na mto Kiwira, jiwe hili ni kijana aliyekwenda vita ya Kagera na hakurudi hata mwili. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani tulipita njia ile ile. Nikikosea alinirudisha zizini tuanze upya. Baada ya mwezi mmoja niliweza kuipita njia hiyo nikiwa nimelala kitandani, gizani, majina kumi na saba bila kukwama.

"Na usimwambie amesimama," bibi alinionya. "Mkalishe. Msiba hausemwi kwa mtu aliyesimama."

Tuliondoka Alhamisi alfajiri kwa lori, juu ya magunia ya maharage, tukashika barabara ya kuteremkia Kyela. Mtu anayetoka Tukuyu kwenda Kyela huvua sweta njiani. Baridi inaishia mahali fulani na joto linakupokea usoni. Mpakani tulishuka, tukafungua mizigo, majani ya migomba yakafunguliwa moja moja. Kijana mwenye sare alikinusa kitumbua. Daftari la nyimbo lilipekuliwa karatasi kwa karatasi na mtu aliyekuwa anasoma Kinyakyusa vizuri tu, nikaona midomo yake ikifuata maneno. Alifika kwenye ule wimbo. Akaurudia. Akafunga daftari akanirudishia, akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, "Mugonile." Nikajibu salamu, nikapanda lori.

Kutoka Karonga tulielekea barabara ya Chitipa, kisha tukaingia milimani, na lori lilipanda mpaka tukavaa masweta tena. Sitaieleza sana Misuku. Ni nyumbani: kahawa, migomba, ukungu wa asubuhi. Jumapili tuliuimba ule wimbo bila sauti ya kwanza iliyofaa, na kanisa zima likainama likitazama chini. Tulipomaliza, mzee mmoja wa mbele akaomba turudie. Tukarudia. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyetuuliza kitu chochote kuhusu kwetu. Nao walikuwa wamejiandaa.

Shangazi nililetewa usiku wa Jumamosi, na mama niliyelala kwake. Alikuwa mwembamba, ana paji la uso la bibi. Nilimwomba akae. Akaelewa hapo hapo, akakaa chini ukutani, akakunja miguu. Nikaanza zizini.

Sikumtazama. Nilikuwa natembea kwenye migomba ya Kisondela, bibi mbele yangu. Nilipofika kwa pacha alitoa sauti moja fupi, kisha akajaza kitenge mdomoni, akakiuma. Kwetu mtu hulia msiba mpaka majirani waje. Yeye hakuweza. Majirani wangekuja, wangeuliza habari zimefikaje. Alilia majina yote kumi na saba ndani ya kile kitenge, mabega yakitikisika, na yule mama mwenyeji akakoleza moto ili kuni zilie badala yake.

Nilipomaliza tulikaa mpaka makaa yakafifia. Alikitoa kitenge mdomoni akakikunja vizuri juu ya magoti. Akaniuliza kama nina mahali pa kuandika. Nikamwambia sina karatasi.

"Kichwani je, pamebaki nafasi?"

"Ipo, shangazi."

Akasogea karibu, akanishika mkono kama alivyonishika bibi, akaanza kunitajia wa kwake, wa kwanza akiwa mume wake.